Namba Iliyosema Mbeya

Baba alikuwa hajazikwa bado nilipoanza kumchukia Prosper wa intaneti kafe ya Tukuyu, na chuki yenyewe haijaniisha.

Kaka yetu Obed, mtoto wa kwanza, alikuwa akifanya kazi Durban, Afrika Kusini. Tulimwandikia barua pepe kwamba mzee Enosi ametutoka na mwili uko hospitali Igogwe. Akajibu siku hiyo hiyo: naanza safari, naomba mnisubiri nimtupie baba udongo. Katika ukoo wetu hapa Lufingo, mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Akikwepa, amemkana baba yake.

Baba mdogo Anosisye, msimamizi wa msiba, hakuamini. Alimwuliza Prosper kama kompyuta inaweza kuonyesha barua ile imetoka wapi. Prosper, badala ya kunyamaza, akajifanya mganga. Alitafuta namba ya mtandao uliotumika kuituma, akaiingiza kwenye orodha inayoonyesha kila namba iko mji gani. Orodha ikajibu: Mbeya.

Baba mdogo alirudi msibani amefura. "Mtu yuko hapo Mbeya tu, anatudanganya yuko Durban! Nani aendelee kumsubiri?"

Nilisema huenda mashine imekosea. Nikaambiwa ninyamaze, wanaume wanaongea. Mvua haikukatika, ndizi za kulisha waombolezaji zilikuwa zinaisha, na kila mtu alishataka kurudi kwake. Tukazika kesho yake. Mdogo wetu Edward alisukumwa mbele atupe udongo, akautupa huku analia.

Obed alifika siku mbili baadaye, kwa basi lililopanda kutoka Kasumulu, mpakani na Malawi. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu amevibeba mkononi. Baba mdogo hakumpa mkono. Alisema Obed amezunguka makusudi ili aonekane anatokea kusini, na watu wazima na akili zao wakaitikia! Nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja.

Aliyempokea ni mama. Alimshika uso kwa mikono miwili. "Mwanangu, uliogopa kuja, basi. Mimi nimekusamehe."

Nilijua Obed angeweza kubisha. Alimtazama mama alivyokonda, akasema, "Ndaga, mama," yaani asante, kisha akaomba aonyeshwe kaburi. Alipoondoka kurudi kazini, nilimsindikiza peke yangu.

Prosper aliposikia Obed alivyofika, aibu ilimshika, akaanza kuulizia. Kumbe kampuni ya mtandao yenye namba ile ilikuwa imefunga ofisi yake ya Mbeya, ikazihamishia namba Durban, na hakuna aliyewaarifu wenye orodha. Aliwaandikia warekebishe, nami nimemkalia pembeni nihakikishe ameandika kweli. Baada ya majuma kadhaa orodha ikasema Durban.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza polepole kwamba Obed hakuwa Mbeya hata siku moja, hakudanganya, hana kosa lolote.

Kisu kikasimama. "Kwa hiyo alikuwa njiani, anakuja?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tukazika."

"Ndiyo."

"Basi mimi nilimsamehe nini, Ikupa?"

Mama akaanza kulia, kwa sauti kubwa, hadi majirani wakaja wakikimbia, wakidhani tumefiwa tena.