Mtoto Hakuanguka

Wakili alipouliza shati liko wapi, dobi alilitoa mkobani likiwa limepigwa pasi, limekunjwa, kola imesimama wima. Wakili, binti mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, akalikunjua, akaligeuza ndani nje, akaishiwa pozi.

"Mama, umelifua?"

Alikuwa amelifua. Siku ya kutembelea mahabusu ya watoto, askari wa zamu alimkatalia kumwona mwanawe, eti ana homa, akamsukumia furushi la nguo chafu za kwenda kufua nyumbani, kama kawaida yao. Alipolifungua akakuta shati la mwanawe lina damu kifuani na begani. Mwingine angepiga yowe. Yeye, aliyezeeka akifulia watu, mikono ikawahi akili: maji baridi, sabuni, sugua. Doa lilipokwisha ndipo akaketi chini akalia, na kilio hicho hakikumsaidia mtu.

"Haya," wakili akasema kwa ukali, maana hasira zilimpanda na hakujua azipeleke wapi. "Kuna kesi ya jinai dhidi ya waliompiga. Kuna madai ya fidia dhidi ya serikali. Kuna malalamiko kwenye tume ya haki. Kote huko tutaulizwa aliumizwaje, na ushahidi uliobaki ni mwili wake. Daktari amwone kabla hajapona."

Tangu lini mama akaomba majeraha ya mwanawe yasipone? Dobi aliomba hivyo njia nzima, huku akijichukia.

Mkuu wa mahabusu, mtu asiye na haya wala hajui vibaya, aliwapokea kwa bashasha kana kwamba wamekuja kuposa. Akaagiza kijana aletwe. Mtoto akaingia anachechemea, jicho moja limefumba kwa uvimbe, midomo imepasuka.

"Mwambie mama ilikuwaje."

"Nilianguka bafuni," mtoto akaiambia sakafu.

"Umesikia, mama yangu? Bafu letu linateleza, nimeshalalamika mpaka nimechoka." Mkuu akaegemea kiti. "Kosa lake lenyewe dogo, kaiba simu. Mimi nikimwombea kwa hakimu, leo hii anatoka, jioni anakula kwako. Wewe tamka tu hapa, mbele ya wakili wako, kwamba umeridhika alianguka. Tusitafutane ubaya."

Wakili akamwinamia dobi sikioni. "Ukitamka hivyo, kesi imekufa. Lakini wewe ndiye mama. Siwezi kukuchagulia."

Mtoto aliinua lile jicho moja zima, akamwangalia mama yake kwa kumsihi. Dobi alitaka kusema ndiyo. Mwili mzima ulitaka. Neno lilishafika ulimini, ndipo mkuu, kwa kujipendekeza, akanyanyua mkono ampapase kijana bega. Mkono haujafika, mtoto alishajikunja, viganja kichwani.

"Hilo bafu lenu," dobi akauliza, "lina mikono?"

"Unasemaje?"

"Nasema mwanangu hakuanguka. Mmempiga."

Bashasha yote ikamwisha yule bwana. "Basi atabaki humu mpaka tarehe yake ya kesi. Ukaidi wako huo, atakayeulipia ni yeye."

"Mama!" Sauti ya mtoto ilipasuka. "Si nimeshasema nilianguka? Mbona hutaki nitoke?"

Maneno yale yalimchoma dobi kuliko matusi. Akamgeukia wakili. "Kimbia mahakamani, mwanangu, ulete amri aonwe na daktari. Mimi siondoki hapa, na huyu haondoki mbele ya macho yangu."

"Hii ni ofisi ya serikali, si kibarazani kwako," mkuu akafoka.

"Waite askari wako wanibebe, basi."

Wakili alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akamnyooshea mkuu kidole bila adabu yoyote. "Nikirudi nikakuta mmoja wao hayupo, jina la kwanza nitakalompa hakimu ni lako."

Mkuu akajitia kusoma mafaili. Dobi akaketi kwenye benchi la ukutani, akapapasa nafasi iliyo karibu naye. Mtoto akaja akakaa, lakini mwisho kabisa wa benchi, akampa mgongo.