Kassimu Hakusema Kitu

Watu wa Baraka, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, walimwita Bubu. Kassimu alilijua jina hilo kwa kuliona midomoni mwao, na kila alipoliona aligeuka papo hapo akamwigiza aliyelitamka: tumbo lake, mwendo wake, namna alivyovuta kamasi. Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na mwenye kutukana akaenda zake.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa bado mdogo sana, kabla maneno hayajamkaa kinywani. Shuleni walimrudisha nyumbani. Mama yake, Mwanahamisi, alikuwa akiuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na Kassimu akakulia kando ya meza yake, akitazama watu. Dada yake mdogo, Munira, ndiye aliyetunga naye lugha ya mikono. Nje ya nyumba yao hapakuwa na mtu aliyeielewa vizuri.

Filamu zilianza kwa Élie, fundi wa simu aliyekuwa na kibanda sokoni hapo hapo. Siku moja alimwona Kassimu akimwigiza mama mnunuzi: ananusa samaki, anakunja uso, anaondoka kwa hasira, anarudi, ananusa tena samaki yule yule. Élie akachukua simu akamrekodi. Kabla jua halijazama, video ile ilikuwa imezunguka soko zima, na Élie alikuwa amefunga kibanda aende kumtafuta Kassimu nyumbani kwao.

“Mwambie tutafanya ingine,” alimwambia Munira. “Ya murefu. Yenye kuwa na mwanzo na mwisho.”

Walifanya ya pili, ya tatu, na nyingine nyingi. Raphaël, mwenye chumba cha video karibu na ufuko, alikubali kuzionyesha, ila kwa sharti. Katika chumba chake filamu za kigeni zilikuwa na msemaji, mtu wa kukaa pembeni na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji kila jambo. Raphaël alitaka msemaji huyo aseme pia juu ya filamu za Kassimu.

Siku ya kwanza msemaji alipofungua mdomo, Kassimu alisimama, akamnyang’anya kipaza sauti, akakikalia.

“Anasema nini?” Raphaël aliuliza.

“Anasema batu biko na macho,” Munira alijibu.

Msemaji hakukaa tena pale filamu za Kassimu zilipoonyeshwa. Kassimu mwenyewe alikaa kila mara benchi la nyuma, kiganja kimebandikwa juu ya ubao. Watu walipocheka, ubao ulitetemeka, na hivyo ndivyo alivyojua wapi filamu ilikuwa tamu na wapi ilikuwa imelala.

Ile iliyomletea balaa ilikuwa ya barieri, kizuizi cha barabarani. Njiani kuelekea Fizi kulikuwa na watu wenye bunduki waliokuwa wamefunga kamba katikati ya barabara, na hakuna aliyepita bila kuacha kitu. Katika filamu, Kassimu ni msafiri mwenye baiskeli, gunia la muhogo, kuku na godoro. Barieri ya kwanza anaacha kuku. Ya pili, muhogo. Anaacha godoro, anaacha baiskeli, anaacha viatu na shati. Barieri ya mwisho suruali yenyewe inamdondoka kwa njaa, basi anaifungua ile kamba ya barabarani, anajifunga kiunoni, na anaendelea na safari, huku walinzi wakiduwaa bila kamba.

Mkubwa wa barieri naye aliigizwa na Kassimu mwenyewe. Alitafuna kijiti cha meno, akainua kamba kwa kidole kimoja, uso ukiwa umeelekea pengine kabisa. Baraka nzima ilimjua mtu huyo. Alikuwa Komanda.

Filamu ilihama kutoka simu hadi simu. Wachimba dhahabu wa Lulimba waliitazama, na wenye pikipiki wakaipandisha hadi Minembwe, juu milimani. Watu ambao wasingekubali kukaa benchi moja, na wasiosikilizana lugha, walicheka mahali pale pale, kamba ilipofunguliwa.

Kisha Komanda akaita.

Kassimu alikwenda asubuhi, Munira kando yake. Mama yao aliwasihi wapande mtumbwi waende Swima kwa ndugu zao wakajifiche. Kassimu alimbusu mkono, akatoka.

Komanda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barieri, kijiti mdomoni.

“Huyu alisema nini juu yangu?”

“Hakusema kitu, Komanda,” Munira akajibu. “Haiko anasemaka.”

Mlinzi mmoja alitaka kucheka, akakohoa. Komanda alimtazama mpaka kikohozi kikaisha.

“Sasa leo atasema. Atasimama mbele ya simu, ataonyesha batu bote kama alidanganya. We utatia sauti.”

Munira alimgeukia kaka yake akamweleza. Alifanya haraka hata ishara zikagongana. Kassimu alijibu kwa ufupi: *Kama ni uongo, kwa nini amejitambua?*

Munira akamgeukia mwenye kiti. “Anaomba musamaha, Komanda.”

Uso wa Komanda ulilegea. Kassimu hakusikia maneno, lakini nyuso alizisoma tangu utotoni, na uso ule haukuwa wa mtu aliyepewa jibu lake. Alimtazama Munira. Akatikisa kichwa. Akaokota kijiti chini, akakiweka mdomoni, na polepole, uso ukiwa umeelekea pengine, akainua kamba ya barieri kwa kidole kimoja.

Walinzi walimshika wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe. Komanda alisema, “Anasemaka na mikono? Mufunge hiyo mudomo.” Wakaupiga kwa kitako cha bunduki.

Daktari alifunga plasta ngumu, nyeupe, mpaka karibu na kiwiko, akasema vidole viwili havitakunjuka tena. Mwanahamisi alilia, kisha akakasirika. “Bamwache mutoto wangu!” alipaza sauti uani, majirani wasikie. Élie alikuja na uso wa majivu, akaomba wafute kila kitu kwenye simu.

Kwa siku kadhaa Kassimu hakumtazama Munira. Hatimaye dada mtu alikaa mbele yake.

“Yaya, nilitaka urudi muzima,” alimwambia kaka yake, kwa mdomo na kwa mikono pia.

Kassimu alijibu kwa mkono wa kushoto, kwa shida, kama mtoto anayejifunza kuandika. *Masikio nilinyang’anywa. Mkono wamevunja. Kilichobaki ni neno langu. Ukilibadilisha wewe, nabaki na nini?*

Munira aliufunika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili. Baadaye alitoka akaenda kumwita Élie.

Filamu mpya waliifanya uani. Ni mtu mwenye plasta anayejaribu kuishi. Anatwanga muhogo kwa plasta kwenye kinu. Anabisha nayo hodi, mlango unaanguka. Kuku anaiona nyeupe kama yai, analalia juu yake, na mtu yule anakaa tuli, mkono umenyooshwa, hathubutu kumsumbua. Kisha anakwenda kwa wale waliomvunja, walioigizwa na majirani, na kwa adabu kubwa anawaomba watie sahihi, kila mmoja na jina lake. Nao, kwa majivuno, wanaandika.

Ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye shuka la chumba cha Raphaël, madirisha yamezibwa kwa makatoni, chumba kimejaa hadi mlangoni. Filamu ilikuwa haijafika mbali Komanda alipoingia na watu wake. Akasimama ukutani. Raphaël alikimbilia swichi.

Kassimu alifika kabla yake. Akasimama mbele ya swichi, plasta kifuani, na kwa mkono wa kushoto akaonyesha shuka: itaendelea.

Ikaendelea. Hakuna aliyecheka. Kassimu alirudi benchi la nyuma, akabandika kiganja cha kushoto. Ubao ulikuwa umekufa. Mlango ulianguka, ubao haukutikisika. Kuku akalalia, bado. Munira aliona jasho kwenye shingo ya kaka yake, lakini macho hayakutoka kwenye shuka.

Walipoanza kutia sahihi, mama Constance, muuza kuku ambaye matenga yake yaliwahi kubaki yote barieri, alitoa sauti ndogo puani. Alijaribu kuizuia kwa kitenge. Ikamshinda. Alicheka kwa sauti nene ya mwanamke aliyezoea kuita wateja, na mwanawe akacheka, na benchi la mbele likawafuata, kisha chumba kizima. Ubao ulimrusha Kassimu kiganja.

“Nyamazeni!” Komanda alipaza sauti.

Wangewezaje? Walikuwa wengi, na giza halikuonyesha nani ameanza. Watu wake walimtazama, wakingoja amri, na wawili kati yao walikuwa wameuma midomo. Komanda alisukuma mlango akatoka.

Barieri haikuondoka. Watu bado wanaacha muhogo na kuku. Lakini Komanda alipelekwa kwingine baada ya muda, na waliobaki hawakuthubutu tena kumgusa Kassimu mchana wa watu. Vidole viwili havikukunjuka, kama alivyosema daktari. Lugha ya mikono ya nyumba ile imebidi ijengwe upya, nusu yake kwa mabega na nyusi, na majirani kadhaa sasa wanajifunza.

Juzi walikuwa Swima wakirekodi nyingine, ya mke na mume wanaogombania mtumbwi. Kassimu alimwonyesha Munira aingie yeye awe mke.

“Mi sijuake kucheza filamu!” Munira alikataa.

Kassimu alimvuta mkono, akamsimamisha majini, maji yakifika magotini, na Élie akabonyeza simu.