Shaba kwenye Ncha ya Drili

Umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima cha Lipingo tangu saa mbili asubuhi, lakini Zabron hakujali. Kazi iliyobaki haikuhitaji umeme wa ukutani. Alikuwa na drili yake ya betri, pimamaji, na chuma kimoja kinachong'aa, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Akishakifunga chuma hicho, bafu limekwisha.

Zamani bafu hilo lilikuwa stoo ya mahindi. Mwenye nyumba, Mwalimu Hedwiga, alikuwa anamleta mama yake mzazi, Bibi Kunigunda, kutoka Maguu aje aishi naye huku ziwani. Bibi alivunjika nyonga mwaka uliopita akichuma kahawa, na bafu la uani kwa Mwalimu, lenye ngazi zake za udongo, lisingemfaa. Stoo ikageuzwa. Kwa wiki tatu Zabron alibomoa, akamwaga zege, akapiga lipu, akapanga marumaru nyeupe hadi juu ya kichwa. Kila jioni alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama alichokifanya, akaridhika.

Asubuhi hiyo Mwalimu alimpigia simu akiwa Maguu.

"Fundi, kile chuma cha kushikilia, kisogeze kidogo upande wa bomba la mvua. Mkono wa mama wenye nguvu ni wa kulia."

"Hakuna shida, Mwalimu."

Akakisogeza. Tundu la kwanza lilitoka safi, la pili na la tatu vilevile. Kwenye la nne drili ilikwama kidogo, ikateleza, kisha ikaendelea. Alipoichomoa aliona kitu kwenye ncha yake, katikati ya vumbi la saruji: kiuzi chekundu kimejiviringisha, chembamba kama unywele. Akakipuliza vumbi. Shaba.

Alijua papo hapo. Wiki mbili nyuma Saida, fundi umeme wa Mbamba Bay, alipitisha ndani ya ukuta huo waya wa hita ya maji, akamchorea mstari wa penseli juu ya lipu. "Mzee, hapa ndipo waya unaposhuka. Usipaguse," alimwambia. Zabron akapaka gundi ya marumaru juu ya mstari ule, na siku hiyohiyo mstari ukamtoka kichwani.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kuutazama ukuta. Kuufikia waya, lazima avunje marumaru nne au tano. Boksi lilikuwa limekwisha. Nyingine za aina ile zilipatikana Mbinga tu. Mwalimu na mama yake wangefika mchana huo. Tena alikuwa na miaka thelathini katika kazi, na hakuna nyumba hata moja iliyowahi kumwita arudi kurekebisha.

"Umekwaruzika tu," akajiambia kwa sauti, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza.

Akaingiza skrubu zote nne, akakaza, akaweka pimamaji. Chuma kilikaa sawasawa. Akakipangusa kwa kitambaa hadi akauona uso wake ndani yake, akafagia, akafunga mlango, akaacha ufunguo kwa jirani.

Nyumbani mkewe, Violet, alimtengea ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani. Zabron alimega tonge la kwanza, akalizungusha mkononi muda mrefu.

"Umemaliza kwa Mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Mbona huli, basi?"

Zabron alikuwa anawaza kwamba skrubu ni chuma, na kile kilichoshikwa na skrubu ni chuma, na atakayekishika ni mwanamke mzee, peku, kwenye sakafu yenye maji. Yote hayo aliyajua akiwa kulekule bafuni. Ila hakuwa ameyapanga kwa mfuatano huo. Akasema moyoni kwamba jioni atapita akamwambie Mwalimu, wakubaliane.

Ndipo mashine ya kusaga iliyo karibu na kanisa ikaanza kunguruma. Umeme ulikuwa umerudi.

Zabron aliinuka na tonge mkononi. Mwanzoni alitembea, kwa sababu mtu wa umri wake akikimbia kijijini watu huuliza kuna msiba wa nani. Alipolipita kanisa, akakimbia.

Gari la kukodi lilikuwa limesimama uani kwa Mwalimu, mlango mmoja wazi, magunia mawili yamekwishateremshwa. Hakupiga hodi. Aliingia sebuleni na viatu vyake, akakiendea kisanduku cha umeme ukutani, akaibonyeza swichi kuu chini. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mwalimu Hedwiga akatokea kwenye ujia, taulo begani.

"Fundi! Karibu. Mbona umezima?"

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko bafuni, anaoga. Kuna nini?"

"Ameshika kile chuma?"

Kabla Mwalimu hajajibu, sauti ya kizee ikatoka nyuma ya mlango wa bafu. "Nani huyo anauliza nimeshika nini? Nimekaa kwenye kigoda changu, naoga kwa kopo. Hilo bomba lenu la mvua silijui."

Zabron akaegemea ukuta. Mwalimu alimtazama usoni, akaona jasho, akaona tonge la ugali lililopondeka kiganjani, akaacha kutabasamu. Aliingia bafuni, akazungumza na mama yake kwa Kimatengo, akamtoa polepole akiwa amemzungushia kanga, akamkalisha sebuleni. Kisha akasema, "Haya. Sema."

Zabron akasema. Hakuruka kitu: simu ya asubuhi, tundu la nne, kile kiuzi, ndoo aliyokalia, skrubu alizozikaza.

"Kutoboa waya ni bahati mbaya, hata mimi ningeweza kuutoboa," Mwalimu alisema. "Lakini wewe uliona, ukafunika."

"Niliona, nikafunika," Zabron akajibu.

Saida alifika saa kumi na moja kwa bodaboda, mkoba wa vifaa mgongoni. Alimpa Zabron shikamoo yake kama siku zote, akasikiliza, akawataka wote wasimame mbali. Akawasha umeme, akakigusisha chuma ncha ya testa, bisibisi yake ya kupimia umeme. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka.

Saida akazima tena, akafungua skrubu ya nne, akamulika tundu kwa tochi. "Imepita katikati kabisa. Imeshika waya wa moto."

"Mbona breka ya kwenye kisanduku haikujikata?" aliuliza Mwalimu.

"Ingejikata kwa kitu gani? Chuma kimekaa juu ya marumaru, hakijagusana na kitu kingine. Kilikuwa kinamngoja mtu." Akakiondoa, akamkabidhi Zabron. Labda aliona namna alivyokipokea, maana aliongeza kwa sauti ya chini: "Mzee, hata mimi nimeshautoboa waya niliouweka mwenyewe. Lakini siku ile nilipiga kelele, watu wakajua."

Kesho yake Zabron alivunja ukuta wake mwenyewe. Alitaka kuvunja marumaru nne. Zikavunjika sita, kwa jinsi alivyokuwa amezishikiza vizuri. Alizipiga tindo taratibu, vipande vikianguka kwenye beseni, na Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho. Saida alikataa kuunga waya. "Ndani ya ukuta wa bafu siungi," alisema. Alivuta mpya kutoka darini hadi kwenye hita, mzima, ndani ya bomba gumu la plastiki. Kabla ya kurudishia lipu Zabron alimwomba Saida asubiri, akatandaza futi kamba ukutani kutoka kona hadi kwenye bomba hilo la waya, akampa Mwalimu simu apige picha, ijulikane waya umepita wapi. Hilo lilikuwa wazo lake, na hakuna aliyemsifu kwa ajili yake.

Marumaru zilizoletwa kutoka Mbinga zilikuwa na weupe wa maziwa, si weupe wa karatasi kama zile za kwanza. Zabron alitaka zirudishwe. Bibi Kunigunda akasema macho yake hayaoni tofauti hiyo na nyonga yake haiijali. Kwa siku mbili, wakati gundi inakauka, alioga uani, binti yake kamshika upande mmoja na jirani upande wa pili, akilalamikia joto la ziwani na mchanga unaoingia vidoleni.

Siku ya tatu chuma kilifungwa kwenye ukuta wa pili, ambao haukuwa na waya wowote. Saida aliwasha umeme, akapima chuma, bomba, hita, hadi kitasa cha mlango. Testa haikuwaka popote. "Bibi, oga," alisema.

Bibi alisimama kizingitini, hakuingia. "Yeye kwanza," alisema, akimwonyesha Zabron kwa kidevu. "Avue viatu. Na alowe mikono."

"Mama, kimeshapimwa," Mwalimu alisema.

"Nimesikia. Yeye kwanza."

Zabron akavua viatu. Akaifungulia maji mikono yote miwili, akakanyaga sakafu iliyolowa, akakishika chuma. Alijua kwamba hakuna kitu; alimwona Saida akipima. Hata hivyo alifumba macho, na kiganja kikahisi ubaridi wa chuma tu. Akaegemeza uzito wake wote. Hakikutikisika.

"Umeogopa?" Bibi aliuliza.

"Nimeogopa, bibi."

"Sawa. Toka sasa, nioge."

Walimwacha na binti yake. Zabron alikusanya tindo, ndoo na pimamaji, akaviosha bombani uani. Alikuwa anafunga kamba ya mkoba Mwalimu alipotoka na kikombe cha chai, akakiweka juu ya ukuta mfupi, karibu naye lakini si mkononi mwake.

"Lipu ya jikoni inabanduka," alisema. "Uje Jumatatu. Nitakuwa likizo, nitakuwepo siku nzima."

Zabron alielewa sehemu zote mbili za maneno hayo: anaitwa tena, na atasimamiwa.

"Nitakuja, Mwalimu," alisema, akakichukua kikombe.