Kiti cha Mama Maria

Kila Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, fundi cherehani aliongeza kiti kimoja mezani. Ilikuwa nadhiri ya marehemu mama yake: atakayebisha hodi wa kwanza chakula kikiwa tayari, awe nani awe nani, ndiye mgeni wa Mama Maria, na atakula ashibe. Fundi aliipenda nadhiri hiyo, ila hakupenda kubahatisha. Mwaka huu alikuwa amemnong'oneza mzee mmoja mbeba mizigo wa sokoni, maskini wa haki kabisa, aje adhuhuri bila kukosa. Lakini mpango si matumizi.

Wali ulikuwa bado unafuka mvuke pale mlango ulipogongwa.

"Hodi!"

Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya Madaha, jirani wa nyumba ya tatu, yule aliyemtangaza fundi mbele ya kanisa zima kuwa kamwibia kitambaa, eti gauni linambana. Tangu siku hiyo hata salamu hawakupeana.

"Usifungue," fundi akanong'ona.

Mumewe, mtu asiyeacha mzaha hata akiumwa jino, alikuwa ameshafungua. Madaha alisimama na hereni zake zinazong'aa, poda imekolea, gauni lile lile mkononi.

"Karibu, shemeji! Mama Maria amekuchagua wewe. Kiti chako hiki hapa."

Fundi akaitazama sanamu ndogo juu ya kabati la nyuzi. Jamani, Mama, katika watu wote hao, huyu? Akapakua, na kwa kinyongo akamwekea kipapatio.

Madaha alisema ameshiba, kisha akala. Akatafuna mpaka mifupa, akaokota punje za wali kwa kidole. Fundi hakujali, macho yake yalikuwa kwenye gauni.

"Nimekuja unipunguzie," Madaha akasema akiwa ameinama. "Limekuwa pana."

Pana! Moyo wa fundi ukaruka kwa furaha. Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo! Akachomoa futi shingoni ili amsomee ushindi wake kwa vipimo, akaizungusha kiunoni mwa Madaha. Futi ikazunguka, na sehemu kubwa ikabaki inaning'inia. Fundi akaigeukia sahani ya Madaha: hata mfupa haukubaki. Kumbe mwenzake alikuwa na njaa.

"Tangu lini, jirani?"

"Tangu niachishwe kazi, dada. Hereni zenyewe za bati. Na kitambaa hukuniibia. Nilikuwa nimenenepa, nikaona aibu kusema."

Mume ndiye aliyeanza kucheka. Madaha akafuata, machozi yakimharibia poda, na fundi akacheka mpaka akashikilia meza. Kisha akatoa paja la kuku kwenye sahani yake, akaliweka kwenye ya Madaha.

Hodi nyingine ikapigwa. Ni mzee wa mizigo, amechelewa. Mume akampa kiti chake, akachukua sahani yake na kula amesimama, akisema mwaka huu Mama Maria kaja na familia.

"Na gauni langu je?" Madaha akauliza walipokwisha kunawa.

Fundi alilikunja vizuri, akalifungia kabatini chini ya sanamu.

"Sipunguzi hata uzi mmoja. Utakula hapa kila mchana mpaka likubane. Na likishakubana, nenda kanitangaze tena kanisani."