Sidiria za Swabulah

Kwa miaka kumi na moja Muzamiru na mkewe Swabulah waliuza nguo pamoja katika soko la Mbarara, Uganda. Mume alikata vitenge; Swabulah aliuza sidiria nyuma ya pazia, akiwapima wanawake kwa macho tu, na wala hakukosea. Ndiyo maana Muzamiru hakuelewa jinsi mwanamke huyo, aliyeona vifua vya nusu ya mji, alivyoficha uvimbe kwenye titi lake mwenyewe mwaka mzima.

"Haukuuma," Swabulah alimwambia akiwa kitandani hospitalini, mwaka ule wa 1987. "Halafu nikaona haya. Hata kwako, hebu fikiria!" Akacheka, na kicheko chenyewe kikamchosha. "Wanawake wananivulia nguo siku nzima, Muza. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja kama yuko mzima."

Kansa ilimchukua kabla ya mvua za Septemba.

Arobaini ilipopita, Muzamiru alifungua kasha la sidiria, akakaa akilitazama. Zam, dada mdogo wa marehemu, akamwambia, "Shemeji, zigawe tu hizo. Mwanamume ataziuzaje?"

"Nitazipeleka Nakivale, kwa wakimbizi. Na nitawauliza wanawake lile swali la Swabulah, kama wako wazima. Twende wote."

Zam alimtazama kama mtu mwenye homa, lakini alikubali. Kwanza walipita hospitali, muuguzi akamfundisha Zam jinsi mwanamke anavyojikagua: alale chali, apapase titi polepole kwa vidole vitatu mpaka kwapani, kila mwezi akishamaliza siku zake.

Siku ya kwanza sokoni Nakivale, mwanamke mmoja alishika sidiria, akamtazama Muzamiru kuanzia kofia hadi viatu.

"Sebo, bwana, unauza ao unatafuta bibi?"

Soko zima likaangua kicheko. Masikio ya Muzamiru yakawaka moto, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani.

"Bibi nilikuwa naye," akasema. "Aliitwa Swabulah. Pilau yake ilikuwa mbaya kweli, na nilikuwa naimaliza yote."

Wakacheka tena, safari hii kwa upole. Akawaeleza yaliyobaki, ule uvimbe usiouma na ile haya. Alipomaliza hapakuwa na aliyecheka. Zam alitundika kitenge kati ya miti miwili, wanawake wakaanza kuingia watatu watatu wafundishwe kujikagua.

Muzamiru na Zam wakawa wanarudi kila mwezi. Mara ya nne, mama wa makamo aitwaye Verediana, mkazi wa kijiji cha Kashojwa humo kambini, alimvuta Zam kando.

"Nimekuta kitu. Kama punje ya haragwe." Akainamisha macho. "Lakini mzee wangu anakataa niende. Anasema hospitali wanakata mutu, harudi."

Zam alipomweleza, Muzamiru alikwenda mwenyewe hadi kwao. Alimkuta Nasani, mume wa Verediana, akipalilia migomba, akachukua jembe la pili, wakapalilia pamoja mpaka mwisho wa mstari.

"Mzee Nasani, unamwogopea bibi yako kisu cha daktari, si ndiyo?"

Nasani alisimama, akajifuta uso. "Tumetoka Rwanda pamoja, kwa miguu. Nikibaki peke yangu, nitaongea na nani?"

"Mimi naongea na kasha la nguo," Muzamiru akasema. "Sikutakii hayo."

Kesho yake asubuhi Nasani alimleta mkewe Mbarara, amembebea mkeka kichwani. Madaktari waliliondoa titi, wakasema kansa ilikuwa haijasambaa. Wiki zote tatu alizolazwa mkewe, Nasani alilala nyumbani kwa Muzamiru, akila ugali ulioungua bila kulalamika, na jioni wanaume hao wawili walisimuliana habari za wake zao mpaka chai ikapoa.

Verediana alipopona alifika sokoni Nakivale amenuna.

"Sidiria yenu inanipwaya upande mmoja. Niende kanisani hivi?"

Muzamiru alishona kifuko cha kitambaa laini, Zam akakijaza pamba, kisha akaingia na mama huyo nyuma ya kitenge. Verediana alitoka amenyoosha mgongo. Nasani akamtazama, akasahau kwamba watu wanasikia.

"Umependeza, mama."

"Mtu mzima huyu, hana haya!" Verediana akamkemea, huku uso wote ukicheka.

Tangu mwezi uliofuata, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanawake kambini, akawaeleza kwa Kinyarwanda yaliyompata, na waliositasita akawashika mkono na kuwaingiza mwenyewe.