Uso Chini ya Birika

Timiro alimwekea mgeni kigoda na chai ya maziwa hata kabla binti wa watu hajashusha mizigo. Amengoja miaka kumi na sita. Dakika tano zaidi zilimshinda.

Mgeni huyo, Fardosa, Mborana wa chuo kikuu, alikuwa akizunguka Habaswein kupiga picha michoro ya kuta za maduka ya zamani. Kamera yake, alieleza, huona kupita rangi. Mistari ya makaa iliyofunikwa hutokea myeusi kwenye kioo, na ukuta haukwaruzwi hata kidogo.

Hilo la kutokwaruza ndilo lililomwingia Timiro moyoni. Zamani, kwenye ukuta wa duka lao hili, marehemu mumewe Dubow, fundi wa michoro, alimchora kwa makaa binti yao Idman, wa miaka sita, akinywa maziwa. Timiro akaja juu: malaika wa rehema hawaingii penye picha ya mtu, na wao wanalala nyuma ya duka hilo hilo! "Futa huo uso," akamwambia. Jioni akakuta birika kubwa la buluu limechorwa juu ya kila kitu. Akaridhika. Alijua mtoto amefichwa tu. Baba gani angefuta uso wa bintiye?

Mwaka uliofuata surua ikamchukua Idman. Picha nyingine hawakuwa nayo, na sasa Timiro hakumbuki pua ya mwanawe ilikaaje. Aibu iliyoje kwa mama! Mara mbili ameshika kisu abandue ile rangi, na mara mbili ameogopa kumbandua na mtoto.

Fardosa aliwasha taa zake, akapiga. Kwenye kioo birika likatoweka, ukatokea ushungi, mabega, vidole vilivyoshika kibuyu.

"Ni yeye!" Timiro alisema, machozi yakimtoka. "Enda juu. Nionyeshe uso."

Fardosa akapiga tena, na tena. Ndani ya ushungi palikuwa na ukungu mtupu wa makaa yaliyosuguliwa kwa kitambaa cha maji.

"Mama, pole. Uso ulifutwa kabla ya rangi kupakwa. Tena polepole sana, ushungi haukuguswa."

Timiro akaketi vumbini.

"Hiyo mwanaume maisha yake yote hakusikia mimi," alisema. "Hii moja tu ndio alisikia."