Usafi wa Alhamisi

Telesia alishawaambia majirani. Aliwaambia Jumapili baada ya misa, akarudia Jumatatu bombani: afisa afya akija Alhamisi kutoka Njombe, mtu asiguse ufagio. Aukute mtaa kama ulivyo, na nzi wake, na moshi wake, na mifuko ya nailoni iliyonasa kwenye michongoma. Miaka mitatu wanaandika barua dampo la Makambako lihamishwe, sasa mtu anakuja kujionea. Usafi wa nini?

Wote wakaitikia. Watu wale kwa kuitikia, hawajambo.

Alhamisi asubuhi anafungua mlango, anamkuta jirani yake Mama Eveline kainama anafagia njia.

"Mama Eveline, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana, dada. Lakini mgeni atoke Njombe aje akanyage uchafu? Atatuonaje?"

Aliyemmaliza nguvu kabisa ni mzee Valeriani, balozi wa nyumba kumi. Huyo alikwenda dampo kwenyewe na wanaume wanne, wakamwagia moto wa taka maji ndoo kwa ndoo, kisha wakafukia kwa udongo upande wote unaotazama barabara. Moto uliowatoa machozi tangu wavune viazi, wameuzima kwa ajili ya mtu atakayekaa saa moja tu.

"Balozi, mmefukia malalamiko yetu wenyewe."

"Mwanangu, tumpokee mgeni kwa moshi?" alijibu mzee, akijipangusa majivu kwenye koti.

Telesia akageuka, akarudi nyumbani. Alibakiwa na tumaini moja tu, binti yake Juliana. Mtoto wa miaka sita, moshi ukishuka kifua kinambana mpaka analala ameketi, na mwezi uliopita alilazwa mara mbili. Afisa akimsikia anavyovuta pumzi, basi, hata udongo wa Valeriani hautafaa kitu.

Afisa akafika saa nne, mtu mpole mwenye kofia ya sufu na daftari. Akatembezwa, akalishwa kuku kwa Mama Eveline, na hakukuwa na hata nzi mmoja wa kufukuza. Mwishowe wakamleta kwa Telesia.

"Kamwene, mama. Naambiwa una mtoto anayesumbuliwa na kifua."

"Kamwene. Ninaye. Juliana, njoo umsalimie mgeni."

Mtoto akatoka na gauni la kanisani, soksi nyeupe, uso unang'aa mafuta. Akapiga goti. "Shikamoo." Wala hakukohoa.

"Marahaba. Mbona mzima kabisa huyu?"

Telesia akamtazama mwanawe toka soksi hadi uso. Asubuhi ile, baada ya kumgombeza kila mtu, alirudi ndani akamwogesha mtoto kwa maji ya moto, akampulizia dawa ya kifua mara mbili, asije akamkoholea mgeni. Hakufikiri hata kidogo. Mikono ilijifanyia yenyewe.

"Anaumwa, baba. Moshi ukiwepo."

"Moshi upi, mama?" aliuliza afisa, akitazama huku na huku kwa nia njema kabisa. Akaandika mistari miwili, akashukuru kwa ukarimu, akapanda gari.

Jioni moto ukafukuta upya chini ya udongo, moshi ukashuka mtaani. Juliana akaanza kukohoa, gauni bado mwilini. Telesia akampakata, akachukua kichupa cha dawa, akakitikisa, akakibonyeza. Hakikutoa kitu. Dawa ya mwisho ilishatumika asubuhi, kwa heshima ya mgeni.